Kuanza Baleti Ukubwani Bila Kuacha Masomo

Anayeingia studio ya baleti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16, au 20, huambiwa amechelewa. Wakati mwingine haambiwi kwa maneno. Anajionea mwenyewe pale binti wa miaka tisa aliye mbele yake anapoinua mguu hadi usawa wa bega huku wake umegoma kwenye kiuno. Kabla hujaikubali hukumu hiyo, uliza umechelewa kufika wapi. Shule ya Vaganova ya St. Petersburg huchukua watoto wa miaka kumi hivi na kuwafundisha kwa miaka minane, ili wakifika 18 waingie kazini. Hesabu hiyo imepangwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye ajira: kundi kubwa la baleti linataka mchezaji aliyekamilika akingali kijana, kwa kuwa maisha ya kazi hiyo ni mafupi. Sanaa yenyewe haikuanza hivyo. Katika karne ya 17 ilikuwa ngoma ya watu wazima wa ikulu; Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliicheza mwenyewe mbele ya wageni wake, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kuiwekea kanuni. Kwa hiyo, kama unachotafuta ni nafasi katika kundi kubwa la baleti ya kale, kweli umechelewa, na ni vema ulijue mapema. Kama unatafuta kuicheza baleti vizuri, kwa ufundi halisi, huku ukimaliza shule au chuo, kalenda ya watoto wa Vaganova haikuhusu.

Wapo wanaokubali kwamba wamechelewa kisha wakaamua kufidia. Hujiandikisha vipindi vitano kwa wiki, hufuata video usiku, hujinyoosha mpaka machozi yawatoke, na baada ya miezi michache ama mguu unauma hata kupanda ngazi ni taabu, ama matokeo ya mtihani yameshuka na mzazi amefunga mjadala. Anayekata tamaa na anayefidia wamekosea jambo lilelile: wote wanadhani kilichopungua ni saa. Ninachokitetea hapa ni kwamba kwa anayeanza ukubwani, hasa miaka miwili ya mwanzo, mpaka unawekwa na kasi ambayo mifupa, kano na ubongo vinaweza kujijenga upya, na kasi hiyo haiongezeki kwa kuongeza saa. Mwanafunzi mwenye saa nne au tano za baleti kwa wiki hapotezi mengi kama anavyodhani, kwa sababu hata angekuwa na saa ishirini, mwili wake usingeweza kuzipokea zote kwa usalama. Ndiyo maana baleti na masomo vinaweza kwenda pamoja, mradi ujue kipi kifanyike lini.

Tazama mwili unavyoitikia mazoezi. Misuli ni myepesi. Ndani ya wiki chache unahisi nguvu imeongezeka. Kano, zile nyuzi ngumu zinazoishika misuli kwenye mfupa, huchukua miezi. Mfupa nao una utaratibu wake: ukiupa mzigo mpya, kwanza mwili hula sehemu ya mfupa wa zamani, kisha hujenga mfupa mpya mahali palepale pole pole, na mzunguko mzima huchukua miezi kadhaa. Katikati ya kazi hiyo kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, na ndicho kipindi ambacho misuli imeshapata nguvu na wewe umeshapata ujasiri wa kuruka zaidi. Hapo ndipo ugoko huanza kuuma. Maumivu hayo yakipuuzwa huweza kugeuka nyufa ndogo za mfupa, kwenye ugoko wenyewe au kwenye mifupa mirefu ya wayo, hasa ule wa pili. Mtoto aliyeanza na miaka sita aliongezewa mzigo huu kidogo kidogo kwa muongo mzima bila hata kujua. Wewe itabidi ujue na upange: vipindi viwili kwa wiki kwa nusu mwaka wa kwanza, cha tatu kiongezwe baada ya hapo ikiwa hakuna maumivu yanayobaki hadi kesho yake, na miruko ije mwisho kabisa katika mambo unayoyaongeza.

Ubongo nao una masharti. Ujuzi wa viungo hukaa vizuri ukigawanywa katika vipindi vifupi vyenye siku katikati kuliko ukirundikwa siku moja, na sehemu ya kazi ya kuuhifadhi hufanyika usingizini. Anayejifunza kinanda au kuogelea hupitia hayohayo. Mwaka 2016 American Academy of Sleep Medicine ilipendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi wa bweni anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri ili ajisomee tayari ana upungufu mkubwa. Akiiba tena saa moja ya usingizi kwa ajili ya mazoezi, amepoteza kote kuwili: alichosoma hakikai, na alichocheza hakikai. Ukilazimika kuchagua kati ya kipindi cha tatu cha wiki na usingizi, chagua usingizi, tena bila kujilaumu, kwa sababu kipindi kile kingekuletea uchovu na ufundi kidogo sana.

Wanaotetea kufidia huwa na majina ya kutaja, na majina hayo yanastahili kusomwa kwa makini. La kwanza huwa Misty Copeland wa Marekani, aliyeanza na miaka 13 katika klabu ya vijana huko San Pedro, California, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika kupewa daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba alihamia hadi nyumbani kwa mwalimu wake ili afundishwe karibu kila siku, na kwamba mwaka 2012, akiwa ameshabobea, alilazimika kusimama kwa sababu ya nyufa sita kwenye mfupa wa ugoko. Sisemi kwamba kuanza na 13 ndiko kulikomuumiza. Walioanza na miaka minne nao huumia. Nasema kwamba hata mwili wenye kipaji adimu namna ile haukusamehewa hesabu ya mzigo. Jina la pili huwa Rudolf Nureyev, nyota wa baleti wa Kisovieti, aliyeingia shule ileile ya St. Petersburg, mji ulioitwa Leningrad wakati huo, mwaka 1955 akiwa na miaka 17. Kinachosahaulika ni kwamba tangu utotoni huko Ufa alikuwa akicheza ngoma za kienyeji na kufundishwa na walimu waliowahi kuwa kwenye baleti. Mwili wake haukufika mtupu. Jina la tatu ndilo ninalolipenda zaidi na ndilo linalotajwa mara chache: Matthew Bourne wa Uingereza, aliyeanza kusomea dansi akiwa na miaka 22. Hakuwa nyota wa baleti ya kale. Alikuwa mtazamaji wa muda mrefu wa maonyesho ya jukwaani, akageuka mtunzi wa dansi, na mwaka 1995 akatoa toleo lake la Swan Lake ambamo mabata maji wanachezwa na wanaume, toleo lililozunguka dunia. Kuchelewa hakukumzuia, kulimwelekeza kwenye mlango mwingine.

Katika habari ya Nureyev kuna jambo la kumfaa msomaji wa huku kwetu. Umri wa kuanza baleti si sawa na umri wa kuanza kucheza. Aliyekulia kwenye isukuti ya Waluhya, sindimba ya Wamakonde, lelemama ya pwani, au kwaya inayocheza kila Jumapili, ana sikio la mdundo, anajua kukariri mfuatano mrefu wa hatua, na anajua kucheza akiwa sehemu ya kundi bila kugonga jirani. Haya huwachukua watoto wa studio miaka. Itakayomsumbua ni namna ya kuubeba uzito. Ngoma nyingi zetu hushusha kiwiliwili na kuupa udongo uzito; baleti nayo hukunja magoti, na mkunjo huo uitwao plie ndio mama wa kila mruko, ila kiwiliwili hubaki wima kabisa juu yake. Mcheza mpira huja na mapaja yenye nguvu, lakini misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga huwa imekaza, hivyo apange dakika kumi za kujinyoosha baada ya kipindi. Baada, si kabla: kujinyoosha kwa kukaa mkao mmoja muda mrefu kabla ya mazoezi hupunguza nguvu ya misuli kwa muda. Kabla ya kipindi, tembea haraka, zungusha viungo, upate joto.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wanaoanza ukubwani kuliko jingine lolote: kugeuza miguu nje. Umbo zima la baleti limejengwa juu yake, na anayeingia darasani hutazama nyayo za wenzake zikiwa karibu mstari mmoja, akazilazimisha zake zifanane. Huo ni uharibifu. Mgeuko halisi hutoka kwenye nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya tundu lake, na ukubwa wake unategemea kina cha tundu hilo, namna shingo ya mfupa wa paja ilivyopinda, na nguvu ya misuli midogo iliyo ndani ya makalio. Mtoto huzaliwa shingo hiyo ikiwa imepinda kuelekea mbele kwa nyuzi 40 hivi, na anapokua hupungua hadi 15 hivi. Ukianza na miaka 18, kazi hiyo ya mifupa imekwisha. Huwezi kuibadilisha kwa kujinyoosha, na mwalimu anayekuahidi kuibadilisha hajui anachosema. Lakini watu wengi hawatumii hata ule mgeuko walio nao, kwa kuwa misuli ya kuushikilia ni dhaifu. Hapo ndipo penye faida yako. Simama miguu ikiwa sambamba na magoti yamenyooka, inua vidole na sehemu ya mbele ya nyayo ubaki juu ya visigino, zungusha mapaja kwenda nje kutoka kwenye nyonga, kisha shusha vidole. Pembe iliyopatikana ndiyo yako. Ikubali, fanya kila kitu ndani yake, na kila unapokunja magoti hakikisha goti linaelekea juu ya kidole cha pili cha mguu. Goti likianguka ndani, umedanganya kwa kusokota wayo, na atakayelipa ni goti lenyewe na kifundo. Nyumbani, lala ubavu, kunja magoti, visigino vikae pamoja, na inua goti la juu polepole bila kuyumbisha kiuno; hii huamsha ile misuli midogo bila kukutwisha uzito wako. Baada ya mwaka, mwenye mgeuko mdogo anaoumudu huonekana mchezaji. Mwenye mgeuko mkubwa wa kulazimisha huonekana mtu anayejaribu asianguke.

Kwa sababu hizo, mwalimu na sakafu ni muhimu kuliko mavazi na kuliko idadi ya vipindi. Mwalimu mzuri wa mtu mzima huuliza kama umewahi kuumia kabla hujashika bari, ile fimbo ya mlalo ya kujishikilia. Hukurekebisha kiuno na goti kabla ya mikono. Na wala hakuahidi viatu vya ncha ndani ya miezi michache. Kuhusu sakafu, huku Afrika Mashariki inabidi kuwa mkali. Kumbi nyingi zinazokodishwa ni saruji au vigae, na saruji haipokei chochote: kila unapotua, nguvu yote hurudi ugokoni. Sakafu inayofaa ni ya mbao zilizoinuliwa na kuachiwa nafasi chini ili zinese. Ukikosa hiyo, mazoezi ya bari na ya kusimama yanaweza kufanyika juu ya saruji, lakini miruko isifanyike, hata mwalimu akisisitiza. Nairobi ndiyo yenye nafasi nyingi kuliko miji mingine ya ukanda huu: ipo Dance Centre Kenya, ambayo Joel Kioko, kijana aliyekulia makazi duni ya Kuwinda, alipitia kabla ya kwenda English National Ballet School huko London; na huko Kibera, Mike Wamaya amewafundisha baleti watoto wa mtaa huo kwa miaka mingi, mara nyingi katika vyumba vya kawaida vya madarasa. Tanzania ina chuo cha sanaa cha TaSUBa huko Bagamoyo na shule ya dansi ya MUDA Africa huko Dar es Salaam. Hizi si shule za baleti, ila aliyepitia mafunzo ya mwili mahali kama hapo hatakuwa mgeni akikutana na mwalimu wa baleti. Ukiwa mbali na hayo yote, ulizia shule za kimataifa zinazokodisha kumbi zao jioni. Video za intaneti zinafaa kukukumbusha ulichofundishwa; hazifai kukufundisha jambo jipya, kwa kuwa video haikuoni.

Ukiwa na mwalimu, wiki ya mwanafunzi inaweza kupangwa hivi. Vipindi viwili vya saa moja na nusu, visifuatane. Jumanne na Jumamosi ni jozi nzuri, kwa sababu Jumamosi huna haja ya kufungua daftari usiku uleule. Siku nyingine tatu, dakika kumi na tano chumbani: kuinuka juu ya vidole polepole na kushuka polepole zaidi, kwanza kwa miguu miwili, kisha mmoja huku mkono umeshika kiti, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho, na lile zoezi la nyonga. Siku mbili zilizobaki, pumzika kweli. Zaidi ya hayo kuna mazoezi yasiyohitaji nafasi wala jasho, na ndiyo yanayompa mwanafunzi faida kuliko mtoto. Kuupitia mfuatano wa hatua kichwani, kwa kuuona na kuuhisi mwilini bila kusogea, husaidia kujifunza. Wanamichezo hulitumia jambo hili siku zote. Ukiwa kwenye daladala au matatu, cheza muziki wa Tchaikovsky kwenye simu na upitie zoezi la juzi, mguu wa kulia kisha wa kushoto, ukihesabu nane. Weka daftari dogo: jina la hatua, inaanzia wapi, uzito uko mguu gani, mwalimu alikurekebisha nini. Istilahi za baleti ni za Kifaransa na ni nyingi. Anayezijua husikia maelekezo mara moja na kuutumia muda wa darasa kucheza. Mtoto wa miaka minane hujifunza kwa kuiga miaka mingi. Wewe unaweza kuelewa sababu ya hatua siku ileile unayofundishwa, na kuelewa huko hufidia sehemu ya miaka kwa njia ambayo wingi wa mazoezi hauwezi.

Mzazi atauliza kuhusu alama, na ana haki. Mjibu kwa ushahidi na kwa ratiba. Mwaka 2010 taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC, ilipitia tafiti 50 kuhusu mazoezi ya mwili shuleni na maendeleo ya masomo: nusu hivi ya mahusiano yaliyopimwa yalikuwa mazuri, karibu nusu nyingine hayakuonyesha tofauti, na ni asilimia 1.5 tu yaliyokuwa mabaya. Usimpambie mzazi habari hiyo. Tafiti zile zilihusu mazoezi kwa jumla wala hazisemi kwamba baleti itakupa alama A. Zinasema tu kwamba hofu ya kwamba jasho linakula masomo haina msingi mkubwa. Kinachokula masomo ni maonyesho. Baleti ya Nutcracker huchezwa Desemba, Nairobi kama kwingineko, kwa hiyo mazoezi yake mazito huangukia Oktoba na Novemba, na hiyo ndiyo miezi ya KCSE nchini Kenya na ya mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania. Mwaka wa mtihani, kataa nafasi jukwaani. Mwambie mwalimu mapema, kabla hajagawa nafasi, ili usimwangushe katikati. Lakini usiache kabisa. Nguvu huhitaji mazoezi mengi kuijenga na machache sana kuitunza: kipindi kimoja kwa wiki, ukikifanya kwa bidii, kinaweza kulinda sehemu kubwa ya ulichonacho kwa wiki nyingi. Mpelekee mzazi kalenda ya mwaka mzima, umeandika wiki zipi ni vipindi viwili, zipi ni kimoja, na zipi ni za mtihani pekee. Mzazi anayeona kwamba baleti imepangwa kuipisha mitihani hubishana tofauti na mzazi aliyeombwa ruhusa na ada siku mojamoja.

Kuna pingamizi nyingine ambazo hazihusu alama. Kijana wa kiume ataambiwa ni mchezo wa kike. Ukweli ni kwamba mwanzoni jukwaa la Paris lilikuwa la wanaume, na wanawake waliosomea dansi hawakupanda katika Opera ya Paris mpaka mwaka 1681. Wengine watasema ni utamaduni wa wageni. Ni kweli imetoka Italia na Ufaransa ikapita Urusi, na kila ilipofika imechukua miili ya wenyeji na kubadilika. Kuijua hakukupunguzii sindimba. Suala la mavazi ni zito zaidi na halistahili kubezwa, hasa kwa binti wa Kiislamu wa pwani au wa Nairobi. Mwalimu anahitaji kuona goti, kiuno na kifundo vilivyo. Hahitaji kuona ngozi. Suruali ndefu ya kubana chini ya sketi nyepesi, blauzi ya mikono mirefu na kilemba kilichofungwa imara vinatosha, na kuhusu darasa la wanawake peke yao, muulize mwalimu mapema. Akiwapo wa pili na wa tatu wanaolitaka, ombi hilo huwa jepesi. Mwalimu asiyekubali kulizungumza hili kwa heshima, tafuta mwingine.

Jambo ambalo sina subira nalo ni njaa. Baleti ina historia mbaya ya kuabudu wembamba, na anayeanza ukubwani huidaka haraka kwa kudhani kwamba uzito ndio unaomchelewesha. Haumcheleweshi yeyote anayekula vizuri. Kinachomchelewesha ni udhaifu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutaja rasmi upungufu wa nishati kwa wanamichezo kuwa tatizo linalogusa mifupa, homoni, moyo na hata uwezo wa kufikiri. Mwanafunzi anayeishi kwa chai na andazi asubuhi na chipsi usiku, akiongeza saa nne za mazoezi, anakaribia huko bila kukusudia. Ongeza maharage, mayai, maziwa, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambao ni chanzo cha madini ya chokaa cha bei nafuu kuliko kopo lolote la dukani. Binti akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo tangu aanze mazoezi, aende kwa daktari, na mazoezi yapungue siku hiyohiyo.

Viatu vya ncha ndivyo vinavyowavuta wengi, kwa hiyo navitaja ingawa vinakuja mwisho. Hapa umri uko upande wako: wataalamu wa tiba ya dansi hupendekeza mtoto asivivae kabla ya miaka 12 hivi, kwa kuwa mifupa ya wayo ingali inakua, na wewe umeshapita hapo. Kinachobaki ni nguvu. Kwa maoni yangu, usivifikirie kabla ya miaka miwili kamili ya vipindi viwili au zaidi kwa wiki, na kabla hujaweza kuinuka juu ya vidole vya mguu mmoja mara 20 polepole bila kifundo kuyumba. Usivinunue kwa kuagiza mtandaoni jozi ya kwanza. Vinapimwa mguuni, mbele ya anayejua. Kwa sasa viatu laini vya turubai vinatosha, na si lazima viwe vya waridi. Wachezaji wa kundi la Dance Theatre of Harlem la Marekani walizoea kuvitia rangi viatu vyao vilingane na ngozi zao, na tangu 2018 Freed ya London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, hutengeneza viatu vya ncha vya rangi ya kahawia.

Ukitaka kipimo cha maendeleo kisichotegemea kioo, zipo ngazi za mitihani ya Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920. Ngazi zake za kawaida zina umri wa chini lakini hazina umri wa juu, na mwalimu anaweza kukuingiza katika ngazi inayokufaa bila kuanzia ile ya watoto wadogo. Taasisi hiyohiyo ina hata mpango wa watu wa miaka 55 na zaidi. Panga mtihani wa baleti uwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mbali na mitihani ya taifa au ya chuo. Na ukirudi studio baada ya mtihani mkubwa, wiki mbili za kwanza usiruke kabisa: fanya bari, mazoezi ya usawa wa mwili na ya kifundo. Ikiwa ulikaa nje miezi mitatu, jipe mwezi mzima kabla ya kurudi pale ulipoachia, na mwambie mwalimu tarehe halisi uliyocheza mara ya mwisho, ili asikupange kwa kukumbuka ulivyokuwa.